Sofa la Roza na Komeo la Mlango wa Dharura

Njoni, enyi mlao sato na sangara, nanyi mliojenga juu ya mawe. Tueni ndoo zenu chini mnisikilize, kwa maana nawasimulia vita vilivyopiganwa ndani ya korido ya nyumba yetu ya kupanga hapa Igogo, na kwa neema ya Mungu hakufa mtu, ila kidole kimoja kilichubuka.

Katika korido ile, yenye vyumba kushoto na kulia na jiko la mkaa mbele ya kila kizingiti, lilitawala sofa. Halikuingizwa na mtu, lilizaliwa humo. Masika yale ziwa lilipopanda na kumfukuza fundi Luhende kwenye karakana yake, alihamishia mbao kwetu, akaliunda papo hapo, pana kama ng'ombe aliyelala. Naye alipokwisha kulivika sponji na kitambaa cha zambarau, ndipo akakumbuka kupima mlango wa Roza, mwenye sofa. Halikuingia. Mlango wa mbele nao ukalikataa. Likasukumwa hadi mwisho wa korido, likaegemezwa kwenye mlango wa dharura, nasi tukauzoea mlango huo kama ukuta.

Ndipo akatokea Koplo Sabina binti Mhoja wa Zimamoto, mvaa buti zing'aazo, mkaguzi wa nyumba za watu.

"Shikamooni, mama zangu," akanena. "Moto ukianzia pale mbele kwenye majiko, watoto hawa watatokea wapi?"

Miaka yote tunapika pale, na swali hilo hatukuwahi kujiuliza.

"Basi sofa hili liondoke leo, la sivyo nyumba itafungwa."

Roza akajitupa juu ya sofa kama askari juu ya ngome yake. "Koplo mwanangu, nisikilize! Jumapili wakwe wanatoka Shirati kumtolea mahari binti yangu Princess. Niwakalishe wapi, kwenye madumu? Utanizika nalo!"

"Sikuziki, mama. Nataka tu usiungue."

Luhende, mwenye msumeno, akausogelea uwanja wa vita. "Nilikate katikati, yawe mawili."

"Jikate wewe katikati!" akanguruma Roza. "Fundi gani anashona suruali kabla ya kumwona mwenye miguu?"

Nikamwomba Bwana kimoyomoyo atuepushe na damu. Sabina akapiga goti, akapenyeza mkono nyuma ya sofa, akapapasa, kisha akageuka taratibu.

"Fundi, mlango huu una mabawa mawili. Uliupima?"

"Huo?" Luhende akashangaa. "Huo si ni wa moto? Huo si wa fanicha!"

Kisha Sabina akaomba mafuta ya kupikia na mchi wa kinu, nami nikampa mchi wangu, uliotwanga mahindi na mihogo lakini haujawahi kwenda vitani. Sofa likavutwa kidogo, na mbele yetu likatokea komeo, adui mwenye kutu, aliyevikwa deraya ya rangi ya ukutani tangu nyumba ijengwe. Sabina akampaka mafuta, akampiga. Adui akamchubua kidole. Akampiga tena, rangi ikapasuka, komeo likalia, likarudi nyuma kama jeshi lililoona bendera ya mfalme.

Mabawa yote mawili yakafunguka kwa nje! Upepo wa ziwa ukaingia na kutumwagia majivu ya majiko yote usoni, nasi tukapiga vigelegele tukipiga chafya, na sofa likatoka uani zima zima, Roza akiwa bado amekaa juu yake.

Jumapili wakwe walilikalia chini ya turubai, wakalisifu upana wake, na ng'ombe wakakubaliwa. Sasa mtu akiweka hata kindoo karibu na mlango ule, Roza humfukuza kwa sauti inayofika bandarini.

Basi wajukuu wa Igogo na waambiwe: katika siku za Sabina binti Mhoja, tulipata mlango ambao tulikuwa nao.