Rafiki wa Nesi na Ng'ombe Niliowakataza

Jumatatu, 2 Juni 2025. Haydom.
Siku yangu imefika! Nesi Mnorwe aliyefanya kazi huku zamani alitafsiri kwa lugha ya kwao hadithi alizosimuliwa na mtu wa Basotu. Kitabu kinasomwa mashuleni huko. Watoto wanaigiza fisi wetu kwenye theluji. Jina la msimuliaji? Hakuna. "Rafiki yangu" tu. Binti wa nesi anakuja Jumamosi kumtafuta, amfikishie salamu za mwisho za marehemu mama yake. Atakayempata ataandika dibaji ya toleo jipya. Mwalimu Judica kaanza kuulizauliza. Anajisumbua. Dibaji ni yangu, mimi Urban, mwenye steshenari na kipaji.

Jumatano, 4 Juni. Basotu.
Rafiki wa kweli labda alishakufa. Ya nini kuhangaika? Nimemkuta mzee Gidahosh anachunga kando ya ziwa. Uso wa jalada kabisa! Nimempa shikamoo nikiwa juu ya pikipiki, bila kuzima. Kaitikia marahaba, kaanza kuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo. Nimemkatiza: mzee, nina haraka, Jumamosi nataka uwe rafiki wa yule nesi. Kacheka sana. Kasema kuhusu huyo nesi, kulikuwa na mtamba mmoja... Nimemwambia mambo ya ng'ombe baadaye. Amekubali kuja!

Ijumaa, 6 Juni. Basotu tena.
Mazoezi. Mzee ana akili ila mbishi. Nikimuuliza nesi alikuachia nini, anajibu mtamba. Mtamba! Nimemfundisha: "Aliniachia mapenzi ya fasihi." Nimemwonya kwamba akitaja ng'ombe, mgeni atadhani anaombaomba. Kisha kasema sawa mwanangu, wewe ndiye umesoma. Nimefurahi. Nyumbani mke wangu Evaline kauliza kama nimemsikiliza mzee. Nimemsikiliza akikariri, yatosha.

Jumamosi, 7 Juni. Haydom.
Aibu! Mgeni kauliza swali moja tu, Judica akitafsiri: mama yangu alikuachia nini? Mzee kanitazama. Nimemkazia macho. Kasema mapenzi ya fasihi. Mgeni kainamisha kichwa. Kasema hapana, mama aliniambia rafiki yake ataanza na ng'ombe. Kumbe nesi aliacha mtamba kwa rafiki yake amtunzie, kama marafiki wa huku wanavyowekeana mifugo. Nani angejua? Hakuna aliyeniambia!

Jumapili, 8 Juni.
Judica huyo! Jana kamsindikiza mzee kituoni, kakaa naye kungoja basi, kasalimiana naye habari za mifugo mpaka mwisho. Leo kampeleka mgeni Basotu. Wanasema mzee kawatoa zizini wajukuu wa yule mtamba, mmoja mmoja, kasema: hawa ni wa mama yako, nilikuwa namngoja aje awaone. Mgeni kalia. Mzee kalia. Judica kalia, na dibaji kapewa. Mimi pia nimelia, kwa sababu nyingine.

Lakini nilimpata mimi! Na angesema mapema tu, haya yote yasingetokea.

Jioni mzee kapiga simu. Hana kinyongo. Anataka niende nikae, kuna hadithi moja nesi hakuwahi kuiandika. Nimemwambia samahani mzee wangu, sina nafasi. Kesho nawahi Endasak. Kuna mgeni mwingine anamtafuta rafiki wa baba yake, na nimeshapata mzee. Majibu yake yote nimemwandalia.