Madereva Wanaogombania Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi
Bibi kafika! Kaja na kompyuta ya marehemu babu, imeviringishwa kwenye shuka. Ndani mna sauti ya babu, aliyojirekodi mwenyewe. Bibi hajaisikia tangu msiba. Kila akiifungua, mashine inaganda. Anaondoka Jumamosi. Kaniambia mimi, mumewe mdogo (ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe), kwamba sauti ya mwenzangu imeanza kumtoka masikioni. Nikaahidi: kesho saa nne asubuhi. Mimi ni fundi, bwana!

Jumanne, 5 Machi
Saa nne imepita. Lakini ugonjwa nimeugundua. Kila kifaa kina dereva wake, yaani programu inayokiendesha, na kila dereva ana namba ya kuitia ubongo wa mashine. Kadi ya sauti na printa wote wamepewa saba. Wakiita pamoja, ubongo unachanganyikiwa. Nikamrahisishia Bibi: madereva wawili wanagombania namba saba. Akasikitika sana. Akauliza kama wana wake na watoto. Akaagiza waletwe Alhamisi, wakalishwe chini, wapatanishwe. Nikajikuta nimesema sawa.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kapita. Huyu husoma vitabu vya maelekezo mpaka mwisho, tena bila aibu. Kasema nihamishie sauti namba tano, iko wazi. Nikamjibu nilishaliwaza hilo. Sikuwa nimeliwaza. Alipoondoka nikampa babu namba moja, kwa heshima yake. Mkubwa atapewaje tano? Kumbe moja ni ya kibodi! Kibodi ikafa papo hapo. Nimetumia alasiri nzima kuirudisha kwa mausi. Mke wangu kauliza kama naendelea vizuri. Mno, nikamwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Bibi kapanga viti viwili sebuleni, kachemsha chai, anawasubiri madereva. Ikabidi nikiri kwamba si watu. Kacheka mpaka kavua miwani. Kisha kauliza nani kati yao alitangulia kufika kwenye mashine. Printa, nikasema. Basi yule wa pili ahame, kasema, au hakuna namba iliyo wazi? Tano, Bibi. Ushauri wa maana kabisa! Sielewi kwa nini shemeji hakuueleza vizuri hivi.

Ijumaa, 8 Machi
Imesema! Kwanza kikohozi. Halafu babu akauliza kama hiki kidude kimewaka. Akamwita Bibi aje azungumze, akangoja, akasema Bibi hataki, anaona haya. Bibi akairukia kompyuta: haya gani, yeye alikuwa na sabuni mikononi! Tukarudia mara sita. Kila mara Bibi alimjibu, kila mara kwa upole zaidi. Nililia. Nikasingizia vumbi, mke wangu akanifuta hilo vumbi kwa kiganja chake. Shemeji akachukua nakala ya sauti, eti tahadhari. Uoga mtupu.

Jumamosi, 9 Machi
Bibi kaahirisha safari. Anataka naye arekodiwe, wakae humo wawili. Nikachomeka kadi mpya ya maikrofoni. Mashine ikauliza kama ijipangie namba yenyewe. Hapana! Sifundishwi kazi na sanduku. Shemeji akafungua mdomo, nikamwonyesha mlango. Nikapanga mwenyewe. Skrini ikazima. Kugeuka, Bibi keshakaa mbele ya mashine na gauni lake jipya, anaongea. Anamwambia babu kwamba paa halivuji tena, kwamba kitanda ni kikubwa mno, na kwamba mjukuu wao kawa fundi hodari. Sikuwa na moyo wa kumkatiza. Nikavuta kiti, nikasikiliza hadi mwisho. Alipomaliza kauliza kama yote yameingia. Yote, Bibi, nikasema. Katamka "fundi hodari" mara tatu. Nayaandika hapa, shemeji asije akakana.