Sayari ya Mwanangu Imevimba

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu kalala chali sebuleni, macho darini. Amekonda! Kompyuta yake, lile sanduku chini ya meza, inanguruma tangu jana. Inapiga hesabu za sayari kubwa iliyo mbali huko: upepo wake wa juu na tumbo lake la ndani. Siku nne mfululizo, isizimwe. Ijumaa asipompelekea profesa majibu, nafasi yake ya masomo anapewa mwingine. Miaka sita hiyo!

Nikauliza sayari ina shida gani. Akasema imevimba kupita kiasi na hakuna ajuaye sababu. Nikamwambia pengine ni gesi. Akacheka, mara ya kwanza mwezi mzima. Eti ndiyo, mama, ni gesi tupu. Kumbe nami nina akili!

Jumanne, 5 Machi
Wifi kaja kumsifia binti yake mfamasia. Nikamwambia wangu anatengeneza sayari. Akauliza kama ina viwanja. Ikabidi nikiri: haina hata pa kukanyaga, ni hewa ya moto mpaka ndani. Wifi alicheka hadi akavua miwani. Eti ndiyo maana mtoto anakonda, analima hewani. Nilimnyima chai ya pili.

Jumatano, 6 Machi
Mwanangu katoka kwenda maktaba. Nikagusa sanduku. Moto kama pasi! Likiungua je? Nikapanga: nilipumzishe nusu saa, niliwashe kabla hajarudi. Nikabonyeza kitufe. Likapoa. Nikabonyeza tena. Likawaka! Nikajipongeza.

Aliporudi alitazama kioo cha kompyuta. Akauliza nani amezima. Nikasema umeme ulikatika. Wifi, aliyefuata miwani aliyoisahau, akasema kwake haukukatika. Mdomo ule!

Hesabu zote zimepotea. Ameanza upya. Hakunifokea. Alikaa sakafuni akakumbatia magoti, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka mitano. Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 8 Machi
Amempelekea profesa maelezo matupu. Kaambiwa majibu yafike Jumatatu asubuhi, na hakuna siku nyingine tena. Jumapili jioni hesabu zitakuwa zimeisha, akasema, mradi mtu asiguse kile kitufe. Ameniapisha. Nimeapa huku nalia.

Jumapili, 10 Machi
Saa nane mchana. Mwanangu amepata usingizi wa maana leo. Zimebaki saa mbili tu. Nikaona sanduku limepata joto tena, maskini, linahema kama mgonjwa. Lakini kiapo ni kiapo. Kitufe sijakigusa! Nimeliletea feni tu. Soketi zote zilikuwa zimejaa, nikachomoa waya mmoja mweusi uliojilalia tu nyuma ya meza.

Feni hii ni dawa! Papo hapo sanduku limetulia, hata kunguruma limeacha. Simwamshi. Akiamka mwenyewe, jinsi atakavyofurahi!