Darasa la Udi, Bure kwa Walimwengu

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Basi kakataa kunifundisha, huyo Zeyana, mpika udi mwenzangu. Mbele za watu! Ati udi wake haufundishwi, mwenye pua na anuse. Andika hivyo hivyo, Bibiana, usiyapambe.

Hali mbaya. Harusi ya Azza ni Jumapili ya tarehe 19. Bibi yake nilimpikia udi mie. Mama yake, Tuhfa, nilimpikia mie. Na anayepika udi ndiye anayeshika chetezo akamfukiza bibi harusi, watu wote wanamtazama. Miaka arobaini nyumba ile ya Raskazone chetezo ni changu. Leo Tuhfa ananiambia atafikiri. Atafikiri! Kisa, udi wa Zeyana unakaa kwenye nguo siku tatu, wangu ikifika alasiri umeshakwenda zake. Hata huyo Tuhfa simlaumu sana. Tangu serikali ifungue milango, manukato ya Dubai yanauzwa mpaka na wenye nyanya, pua za watu zimeharibika.

Lakini leo nimepata mpango! Kaniletea Bibiana huyu huyu anayeandika. Mpangaji mwenzangu hapa Makorora, Mbondei wa Muheza, alikuwa mpiga chapa wa kampuni ya mkonge mpaka ikauzwa naye akapunguzwa. Usinune, Bibiana, si siri. Yeye anapiga soga na Wael mwenye duka la intaneti. Wael kamweleza kwamba huko nje kuna watu wanatengeneza programu za kompyuta wanaziacha wazi, matumbo nje, kila mtu atazame. Ukiona kosa, unarekebisha. Sharti moja tu: ulichorekebisha nawe ukiache wazi, usikifungie kabatini. Na sasa walimu wa vyuo vikuu wanataka kufanya vivyo hivyo na masomo yao. Bure! Nikauliza, walimu hao wana homa? Bibiana kasema hapana, wana mishahara.

Ukiona kosa, unarekebisha! Nikaruka kitandani. Zeyana hawezi kupita kosa. Msibani kwa Jumbe alimsahihisha mjane umri wa marehemu! Na kila Alhamisi yuko kwa Wael anawaandikia wanawe wa Maskati. Naweka darasa la udi. La bure. Lenye makosa. Zeyana atarekebisha mwenyewe, siri yote ninayo!

Kesho kwa Wael!

Jumanne, 7 Agosti

Kwa Wael. Shikamoo bibi, kiti, chai. Mashine ina kioo kama televisheni, ila haina habari. Mie nasema, Bibiana anapiga. Vidole vyake! Mvua ya mawe juu ya bati.

Nikawaambia walimwengu: chukua sukari, pika shira, ndiyo inayoshika manukato. Unga wa sandali, ule mti wa kunukia, nikauacha makusudi. Nikatia chumvi, kijiko kizima. Bibiana akasita, akauliza hii si dhambi? Nikamwambia kosa ni chambo, dhambi ni ya samaki.

Sukari hiyo, jamani. Mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sukari ilikuwa ya foleni, duka la kaya, jina lako kwenye kitabu. Watu wanakunywa chai ya chumvi, mie naunguza sukari yangu kwa udi wa harusi! Nimeziba mlango kwa magunia. Jirani ananusa, anapiga hodi, anauliza kuna nini. Nikamwambia nina jino bovu, nachoma karafuu. Tumefikia wapi? Haya.

Wael akauliza jina la mwalimu. Nikasema andika MWALIMU MWATIMA BINTI KHATIB. Wael kalitoa darasa lote kwenye karatasi, kaibandika ukutani. Sijui kusoma, lakini nililitazama jina langu mpaka machozi yakanitoka. Mwalimu!

Alhamisi, 9 Agosti

Masahihisho yamekuja! Mombasa, Pemba, na Mswahili mmoja anayeishi kwenye barafu. Wote wanauliza sandali iko wapi. Mmoja kasema mwalimu huyu labda ni mpishi wa maharage. Na mie siwezi kujitetea! Nimekaa na jibu langu mdomoni kama mwenye kaa la moto.

Saa nne akaingia Zeyana. Nimejificha nyuma ya pazia la choo. Akasoma ukutani, miwani puani. Akacheka. Akatoa kalamu nyekundu mkobani! Nikakaribia kupiga vigelegele mle chooni.

Akasahihisha neno moja, akaenda zake. Bibiana akanisomea. Kalikata "Mwalimu".

Neno hilo tu!

Jumamosi, 11 Agosti

Sijalala wala sijala. Nimewaza. Kosa la Mwatima halimwumi Zeyana, linamfurahisha. Basi kosa liwe lake! Nikamchukua Bibiana mbio kwa Wael. Futa jina langu. Andika: UDI WA ZEYANA WA RASKAZONE, KAMA ANAVYOUPIKA MWENYEWE. Na chumvi iwe vijiko viwili.

Bibiana kasema kwao Muheza mtu akifanya hivi anahamishwa mji. Lakini kaandika. Kaandika huku anacheka, msimwamini.

Jumatatu, 13 Agosti

Kaja! Kaja na teksi! Makorora nzima imetoka nje!

Hakunisalimia. Kasimama mlangoni pangu, buibui linapepea, kaanza. Ati mie kizabizabina, mie bingwa wa fitina, na wanawe kutoka Maskati wamempigia simu kuuliza kama ana akili timamu, chumvi kwenye udi! Akapaza sauti wote wasikie udi wake unavyopikwa. Vipande vya udi vilale kwenye marashi siku mbili. Sandali kibaba. Shira iive, ishuke motoni, ipoe. Halafu utie kidole. Kidole kikivumilia mpaka hesabu ya kumi, ndipo unatia mafuta mazuri. Kabla ya hapo harufu inaruka yote na mvuke. Alihesabu mpaka kumi kwa hasira!

Mie nimeinamisha kichwa kama mwenye kutubu. Nyuma ya mlango Bibiana anaandika mbio.

Alipomaliza ndipo akagundua kaimwaga siri yote. Akaziba mdomo kwa mkono. Akarudi kwenye teksi.

Ninayo! Wallahi ninayo!

Alhamisi, 16 Agosti

Mambo mawili, na yote mabaya.

Kwanza, Bibiana. Kaenda kwa Wael kaweka lile darasa sahihi. Lote! Nikamwuliza kwa ruhusa ya nani? Kasema ndilo sharti lenyewe, kilichorekebishwa kinaachwa wazi, na yeye miaka ishirini na mbili ya uchapaji hajawahi kuvunja utaratibu wa ofisi. Na jina juu bado ni la Zeyana, maana niliagiza mwenyewe. Mombasa wanamshukuru Zeyana. Pemba wanamwombea dua Zeyana. Makorora kila nyumba inanuka shira. Na Tuhfa kachukua karatasi yake ukutani, kasema hahitaji mpishi, atapika mwenyewe!

Pili, udi wangu. Nimefuata kila kitu. Marashi siku mbili. Sandali. Nimeshusha shira, nikatia kidole papo hapo, nikahesabu kumi kwa raha zangu, nikatia mafuta. Nimefukiza kanga asubuhi. Alasiri haina kitu!

Mtu wa Mombasa kaandika kuuliza: kidole cha nani? Swali la kijinga. Kidole ni kidole. Bibiana naye akajaribu, akapiga kelele kwenye mbili. Vidole vya karani, hivyo. Mie makaa ya chetezo nayashika kwa mkono tangu niolewe.

Zeyana kanificha kitu. Lazima.

Jumapili, 19 Agosti

Asubuhi, harusi leo, na mimi nimekaa na kanga ya nyumbani kama mgonjwa. Nilimwambia Bibiana siendi. Nikakae na wageni nile pilau, chetezo kinapita mkononi mwa mwingine? Nimelia kidogo. Usiandike hilo. Umeshaandika?

Ngoja, gari.

Ni Zeyana! Yuko dirishani, anapiga makelele kutoka kwenye gari la kina Tuhfa. Ati Tuhfa naye kasubiri kidole chake kivumilie, mwanamke hajawahi kugusa hata sufuria, kasubiri mpaka shira ikawa jiwe. Kairudisha motoni. Imeungua, nyumba inanuka kama kiwanda cha sukari, Azza analia na hina mikononi. Tuhfa kasema tuitwe wote wawili. Zeyana kwa kidole chake, Mwatima kwa chetezo, maana hakuna mwingine wa kumshikia makaa Azza isipokuwa aliyemshikia mama yake.

Chetezo ni changu! Nilisema! Mpango wangu umefaulu, umefaulu kabisa! Bibiana ananitazama hivyo ananionea wivu tu.

Sasa sikiliza. Halua ya Zeyana, hajamwonyesha mtu. Kesho mapema kwa Wael. Andika: HALUA YA ZEYANA, na wanga wake uwe unga wa mahindi, na jina lake kwa herufi kubwa kuliko...

Anapiga honi. Naja, Bi Zeyana, naja mama! Buibui langu liko wapi? Akiuliza, Bibiana, mwambie tulikuwa tunaandika barua. Naja!