Jemedari na Jogoo wa Mnada

Ijumaa, 4 Oktoba 2024
Namshukuru Mungu kwa mbwa wangu Jemedari. Mdogo, mzee, lakini yu macho kuliko usharika mzima! Leo kijiko kilianguka jikoni. Akaruka, miguu yote hewani. Kisha paja likamtetemeka muda mrefu, kama la askari aliyepokea amri. Mke wangu, Mama Kindness, anasema ni maradhi. Mimi naona kipaji.

Aminieli, mzee wa kanisa mwenzangu, alipita kihambani, shambani kwangu penye migomba, akamwona. Akasema mbwa huyu anacheza ngoma asiyopigiwa, na kwamba angekuwa wake angekwisha kumpumzisha milele. Kumpumzisha! Mama Kindness hakumpinga. Amemwita daktari wa mifugo aje Jumanne, naye ndiye atakayeamua.

Jumamosi, 5 Oktoba
Njia imepatikana. Kesho baada ya ibada sadaka za mazao zitanadiwa uani, na mnada uliopita kuku alitoweka. Jemedari atalinda! Akiokoa hata kifaranga mbele ya usharika, nani atathubutu kumhukumu? Nimemwogesha. Alitikisika mikononi mwangu kama mashine ya kumenyea kahawa. Nguvu iliyoje!

Jumapili, 6 Oktoba
Nilimpakata ndani ya koti, mkono wa kulia chini ya tumbo lake. Mwinjilisti Yoramu akainua jogoo aliyetolewa na Aminieli, akapaza sauti kutaja bei. Jemedari akaruka. Mkono wangu ukaruka naye. Yoramu akashukuru, asante mzee, nani anaongeza? Akagonga meza. Tukaruka tena. Nilikuwa nikishindana na nafsi yangu! Kina mama wakapiga vigelegele kwa ukarimu wangu. Aminieli akauliza kama na viatu vyake navitaka.

Jogoo ni wangu. Mwizi hakutokea, basi ulinzi ulifaulu.

Jumanne, 8 Oktoba
Jogoo aliwika kabla ya mapambazuko. Jemedari akaruka hadi nje ya kikapu chake. Hata mimi siwahi sala ya asubuhi kwa bidii hiyo.

Daktari Joyness akafika, akaniamkia shikamoo babu, akapiga magoti na kumpapasa. Mama Kindness alikuwa ameuma ncha ya khanga, kumbe naye anampenda! Daktari akasema ni uzee: misuli imechoka, na mishipa ya fahamu inashtuka upesi. Nikauliza, kumpumzisha? Hapana, babu, bado anafurahia chakula chake. Apewe dawa, alale pakavu, na juu ya yote akae mbali na makelele. Jogoo aondoke.

Nikatoka nje kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Jumatano, 9 Oktoba
Maagizo ya daktari yanafuatwa kikamilifu. Dawa kanywa. Gunia jipya limetandikwa. Jogoo amehamia kwa shemeji, mjini Himo. Utulivu mtupu.

Jumapili ijayo kwaya ya tarumbeta itapiga, kisha watanadiwa mbuzi. Nimemwomba mwinjilisti kiti cha mbele kabisa, Aminieli apate kumwona Jemedari vizuri. Koti la kumpakatia limefuliwa, limekwisha kukauka.