Picha Ipite Hewani, Mkwe Asijikwae

Jumatano, 14 Mei

Mkwe kajikwaa! Bi Chiku, mama wa mke wangu Asmahani, alikuja kutoka Ushongo kutibiwa goti. Sasa anaumwa magoti mawili. King'amuzi kipo dirishani, upande wa sebule tuliomtilia kitanda na pazia. TV ipo mlangoni, ili wenzangu wa barazani waione. Katikati: waya wangu. Asmahani kasema ama waya utoke ama nitoke mimi. Nikamuuliza, na mechi ya Jumamosi? Akasema basi nitoke mimi.

Mechi yenyewe fainali! Baraza imekaa kwangu miaka kumi na moja. Ikihamia kwa jirani Tahiri, mwenye TV kubwa kama mlango na kahawa isiyokwisha, hairudi. Wallahi hairudi. Lazima nipate njia.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeipata! Barabara ya Kumi. Vidude viwili: kimoja unachomeka kwenye king'amuzi, cha pili kwenye TV, picha inapita hewani. Muuzaji kaniapia pazia si kitu. Nikangoja mkwe aende kuoga, nikachomeka mbio mbio. Giza. Nikatoa, nikarudishia. Giza. Kumbe swichi ya ukutani sijawasha. Nikawasha: picha! Nikaruka. Nikamwita Tahiri aje aone. Katazama, kasema hongera, kaenda zake. Wivu unamtafuna.

Ijumaa, 16 Mei

Mkwe kamtuma Asmahani aniulize mbona picha zinapita juu ya kitanda chake na yeye haoni hata moja. Ana haki. Nikaitoa TV ya zamani stoo, nikamwekea upande wake kwa waya mfupi, ubavuni mwa king'amuzi, na rimoti ya king'amuzi nikamwachia, maana mkwe hanyimwi kitu. King'amuzi kimoja, TV mbili! Tahiri ana ving'amuzi viwili na vyote analipia. Mjinga yule.

Jumamosi, 17 Mei

Wanaume tisa mlangoni. Raha! Dakika ya ishirini, mshambuliaji wetu kabaki na kipa tu, mara bibi harusi analia. Bibi harusi! Mkwe kahamia kwenye tamthilia, na kumbe anachotazama yeye ndicho tunachotazama sisi.

Kuingia siwezi. Kajilaza, mtandio kavua, mkwe wa kiume ana njia gani hapo? Nikamwita Asmahani. Naye yumo humo humo, analia na bibi harusi. Nikakohoa. Mkwe akaagiza niletewe tangawizi. Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Tangawizi ya pili. Nikasogea kwenye pazia nikasema shikamoo mama. Marahaba mwanangu, halafu dua ndefu, Mungu anizidishie kwa kumliwaza mgonjwa. Nikaitikia amina. Ukishasema amina, rimoti unaiombaje?

Kwa Tahiri wakapiga kelele: gooo! Wanane wakanikimbia. Kabaki Fanueli, anataka kujua kama bibi harusi anaolewa au haolewi. Nimefedheheka, sijapata kufedheheka hivi.

Jumapili, 18 Mei

Fanueli kawasimulia. Jioni, sehemu ya mwisho ya tamthilia, wote tisa hao! Na Tahiri nyuma yao, kabeba birika lake la kahawa. Baraza imerudi! Asmahani kaninong'oneza ninyamaze, watu wamefurahi, nataka nini tena?

Nataka mechi. Niliahidi mechi. Na asubuhi nilikwishanunua rimoti ya pili.

Shehe akamuuliza bibi harusi kama ameridhika. Bibi harusi akafungua mdomo. Nami nikapenyeza mkono chini ya pazia, mkono tu, macho nimefumba kwa heshima, nikabonyeza. Marudio ya fainali, tangu dakika ya kwanza!

Lahaula, nilivyotukanwa! Tahiri akasema hata kwake chaneli ya tamthilia ipo. Wakainuka wote, Fanueli mbele. Kisha pazia likafunguka: Bi Chiku, kajitanda kanga, kamwegemea Asmahani, akapita sebuleni pole pole na magoti yake mawili, akavuka njia kwenda kwa Tahiri. Hata kuniaga hakuniaga.

Haya. Sebule nzima yangu. TV mbili, rimoti mbili, picha safi, wala hakuna waya wa kumkwaza mtu. Kesho asubuhi narudi Barabara ya Kumi kununua kidude cha tatu, nimfungie Tahiri kwenye TV yake. Mechi iwafuate huko huko.