Mimba ya Ng'ombe wa Benki

Jumatatu, 14 Julai 2025
Baridi ya Nyeri leo imeganda mpaka kwenye kalamu. Barua imetoka makao makuu ya benki: meneja atakayeongoza kwa faida kufikia Ijumaa hii atasimamia matawi ya Nyeri, Murang'a na Kerugoya pamoja. Nimeanza kufikiria kiti kipya. Kikwazo ni Nadhira, meneja wa Murang'a. Anatii kila neno la washauri wa sharia ya Kiislamu na bado anapata faida. Sielewi. Mshauri wangu, Mwalimu Abdulatif, amenikataza kuziita faida zile faini za wanaochelewa kulipa. Ati ni sadaka. Zimeenda kwa mayatima. Mwezi huu mayatima wamenizidi mapato.

Jumanne, 15 Julai
Amekuja Mburugu, mkulima. Mkristo, lakini riba imemchosha. Amechagua ng'ombe wa mzee Gatobu, mwenye mimba ya kukaribia kuzaa. Sisi hatukopeshi pesa: tunanunua ng'ombe, anakuwa mali yetu kweli, kisha tunamuuzia mteja kwa bei ya juu kidogo, alipe polepole. Nikamnunua. Mwalimu akanihimiza nimuuzie Mburugu leo leo, kwa kuwa mwenye mali ndiye hubeba faida na hasara. Nilisikia faida tu. Akizaa akiwa wetu, ndama ni wetu! Nimemwambia Mburugu karatasi zimekwama Nairobi. Ng'ombe nimemfunga nyuma ya ofisi.

Alhamisi, 17 Julai
Hajazaa. Amekula kabichi zote za Magdaline, mama mboga wa getini. Nimelipa. Salwa, keshia wetu, amekataa kumkatia ng'ombe majani ya nepia. Anasema hakusomea uhasibu kwa ajili hiyo. Nimekata mwenyewe, tai shingoni. Mburugu akapita, akauliza kama huyu si ng'ombe wake. Nikasema wanafanana.

"Huyu iko na alama yangu kwa sikio, ile niliweka nikimchagua," akasema polepole. "Meneja, kwani unangoja karatasi ama unangoja azae?"

Nikamwambia nina mkutano.

Ijumaa, 18 Julai
Amezaa saa nne, mbele ya wateja. Ndama dume. Hapa dume wa ng'ombe wa maziwa hata bure hachukuliwi. Adhuhuri mama yake akaanguka, akashindwa kusimama. Daktari wa mifugo alikuwa mbali, Kiriaini. Alipofika akasema ni homa ya maziwa, na kwamba mfugaji yeyote angeiona mapema. Nilikaa kwenye matope nimeshika kichwa cha ng'ombe. Sikupenda alivyonitazama. Saa kumi akafa.

Mwalimu akasema hasara yote ni ya benki, na Mburugu hadaiwi hata senti, maana aliahidi kununua ng'ombe mzima mwenye mimba. Kisha akaongeza kwamba ng'ombe angekabidhiwa Jumanne, sasa angekuwa zizini kwa mtu anayejua ng'ombe. Akamwombea Mburugu dua. Mimi hakunitaja.

Jumatatu, 21 Julai
Nadhira amepewa matawi yote matatu. Sasa ni bosi wangu. Mburugu amehamia kwake. Jumamosi alinunuliwa ng'ombe na akakabidhiwa siku hiyohiyo. Mimi nimetakiwa kueleza kwa maandishi, kurasa mbili.

Nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu mpaka nikaliona kosa langu. Ng'ombe huzaa mmoja tu. Asubuhi nimempigia Gatobu: ana mbuzi sita wenye mimba, na mbuzi wake huzaa pacha. Nimemwambia aniwekee wote. Mteja nitamtafuta wakishazaa.